Nembo Iliyokuwa Kaburini

Bahasha ilikuwa mkobani tangu Ijumaa. Jumapili mchana, akiwa ameketi sebuleni kwa Mama Robai huko Kabuchai, Nabwile aliigusa tena kwa ncha za vidole, kama mtoto anayengoja kuitwa jina.

Ndani mlikuwa na karatasi moja tu: nembo ya tovuti ya Jotham.

Miezi mitatu walikuwa wamehangaika nayo. Jotham Sifuna alikuwa mfugaji wa nyuki, mwanamume wa miaka thelathini na minane, mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa isiyo na haraka. Mara kwa mara aliitwa kwenye kituo cha mafunzo ya kilimo cha Mabanga kuwaonyesha wakulima namna ya kutengeneza mizinga. Mapema mwaka huo wa 2007, rafiki yake mmoja alimwambia kwamba siku hizi mtu wa kazi kama yake lazima awe na tovuti yenye jina lake mwenyewe, watu wa mbali wamjue. Akaulizia, akaelekezwa Kitale, kwenye duka la kompyuta alikofanya kazi Nabwile, msichana wa miaka ishirini na saba aliyesifika kwa kadi za harusi. Mara ya kwanza alikuja kwa ajili ya tovuti. Akarudi kwa ajili ya logo. Halafu akawa anarudi tu.

"Hii nyuki yako inafanana inzi," Jotham alimwambia siku moja, ameinama karibu na kioo cha kompyuta, karibu na shavu lake pia.

"Na hii?"

"Hii ni kama ya dawa ya mbu."

"Jotham, wewe hutaki logo. Wewe unataka kuniona nikihangaika."

Jotham aliacha kukitazama kioo, akamtazama yeye. "Labda nataka kukuona tu. Kuhangaika ni kwako."

Tangu siku ile, Nabwile hakuweza tena kuchora na huku anapumua vizuri.

Jambo moja tu ndilo waliloligusa na kuliacha. "Nilikuwa nimeoa bibi," Jotham alikuwa amemwambia. "Alituacha mwaka wa 2003." Hakutaja jina, na Nabwile hakuuliza, maana uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la siku ya matanga.

Nembo ilikuja yenyewe siku ya Ijumaa. Nabwile alikuwa ameshika simu sikioni, akingojea mteja atafute jina la bwana harusi, na mkono wake mwingine ukawa unachezea kalamu pembeni mwa gazeti. Aliposhusha macho alikuta ameshachora. Duara moja lisilofungika, na penye pengo, vistari vitatu vifupi vikitoka nje. Ulikuwa mzinga. Walikuwa nyuki. Yeye hakukumbuka kuuwaza. Akauingiza kwenye kompyuta, akautia rangi ya asali, akaamua asimwonyeshe Jotham mpaka siku ya kwenda kwao. Amshangaze mbele ya mama yake.

Sasa siku hiyo ndiyo ilikuwa hii. Mama Robai, mamake Jotham, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, alikuwa ametoka kanisani akapika kuku na mboga ya saga iliyotiwa maziwa. Hakuwa mkali. Ila tangu amsikie jina alikuwa akimwangalia kwa namna fulani.

"Nabwile," alisema akirudia. "Si ni mtoto aliyezaliwa usiku?"

"Ndiyo, mama. Saa nane ya usiku, waliniambia."

"Mm. Mgeni, ongeza mboga."

Jotham akacheka. "Mama, usimtishe na chakula. Nabwile, si ulisema uko na kitu unataka kutuonyesha?"

Akaitoa bahasha. Akaifungua taratibu, akaiweka karatasi mezani kati ya sahani, akamtazama Jotham usoni, asikose kuona furaha ikifika.

Furaha ilifika. "Ah! Nabwile! Hii ndiyo yenyewe. Hii kabisa!" Akainua kichwa. "Mama, ona."

Mama Robai aliona. Kijiko kilikuwa mkononi na hakukiweka chini, wala hakukipeleka kinywani. Kilibaki hapo hewani, mchuzi ukidondoka juu ya kitambaa cha meza, tone kwa tone, na yeye hakujua.

"Umeitoa wapi hii?"

"Nimeichora, mama."

"Nimekuuliza umeitoa wapi."

"Kichwani tu," Nabwile alisema, sauti imeanza kupungua. "Ilikuja yenyewe."

"Ilikuja yenyewe." Mama Robai akasimama. "Jotham, mlete huku nyuma. Na hiyo karatasi muilete."

Walizunguka nyumba, wakapita migomba, wakafika mwanzo wa shamba la miwa. Hapo palikuwa na kaburi la saruji, limefagiwa vizuri, na upande wa kichwani kulikuwa na karai la fundi lililopinduliwa, na juu ya karai jiwe. Mizinga ya Jotham ilipangwa ng'ambo ya uwanja. Nyuki walikuwa wakiruka kuelekea mashambani, wakifika karibu na kaburi wanapinda, wanazunguka mbali, kisha wanaendelea na safari.

"Huwa hawapiti hapa," Jotham alinong'ona. "Sijui kwa nini." Kisha akamgeukia mama yake. "Si ulisema hilo karai ni la kukinga mvua?"

"Nilikudanganya," Mama Robai alisema. "Fundi alimaliza kusakafia jioni, ikiwa laini kama meza. Asubuhi nilipokuja na maji ya kunyunyizia, nilikuta hii. Nikaifunika kabla watu hawajaamka. Miaka minne sijamwambia mtu, hata wewe. Toa hilo jiwe."

Jotham akaliondoa jiwe. Akaliinua karai.

Kwenye saruji, imechimbwa kwa kitu kama kidole, ilikuwepo nembo. Duara lisilofungika. Vistari vitatu penye pengo. Hata urefu wa vile vistari, wa kati ukiwa mfupi kidogo kuliko wenzake, ulikuwa uleule. Pembezoni saruji ilikuwa imeota ukungu wa kijani, lakini ndani ya mchoro ilikuwa safi, kama ya jana.

Na juu yake, kwa mwandiko wa fundi, kulikuwa na jina: Joy Nasipondi.

Miwa ikasikika ikisuguana ingawa hapakuwa na upepo wa kutosha kutikisa jani la mgomba.

"Huyu msichana hajawahi kukanyaga boma hili," Mama Robai alisema. "Kama angekuwa amekuja kuchungulia, ningesema ni mjanja, basi. Lakini karai halijawahi kuinuliwa. Sasa niambie, Jotham, nani amemuonyesha?"

"Mama, mimi sijui chochote..." Nabwile alianza.

"Wewe hujui. Aliyekutuma anajua."

Nabwile akamgeukia Jotham na kumshika mkono. Alihitaji ule mkono tu, hakuhitaji maneno. Lakini Jotham aliuondoa. Hakuuondoa kwa hasira. Aliurudisha nyuma haraka, kama mtu aliyegusa kitu asichokitambua gizani, na macho aliyomtazama nayo hayakuwa yale ya Kitale.

"Niambie ukweli, Nabwile," alisema. "Wewe ni nani?"

Swali hilo lilimuuma kuliko lile la mama yake. Aliangalia mkono wake mtupu, akarudi ndani kuchukua mkoba, akatoka kupitia lango bila kuaga. Jotham alimwita mara moja. Hakuitika.

Njia yote ya kurudi Kitale alikuwa akilia kimyakimya, uso kwenye dirisha la matatu. Lakini chini ya kilio kulikuwa na kitu kingine kilichokataa kutulia. Joy Nasipondi. Jina lile hakulisikia kwa Jotham. Mbona ulimi wake ulikuwa unalijua?

Jumatatu asubuhi alifika dukani kabla ya mwenye duka, mzee Festus, kufungua. Walipoingia alimuuliza, "Mzee, zile CD za kazi za zamani bado ziko?"

"Ziko kwa katoni, chini ya meza ya photocopy. Unatafuta nini na umevimba macho hivyo?"

"Programu za mazishi. Za 2003."

"Zile ulianza nazo? Si ulichapa mamia."

Ni kweli. Mwaka ule alikuwa ameajiriwa karibuni, na kazi aliyopewa ilikuwa ni programu za mazishi. Alichapa majina ya marehemu mpaka yakawa yanafanana yote. Akaweka CD ya kwanza, akapekua, hakuna. Ya pili, hakuna. Kwenye ya tatu, kati ya mafaili ya Februari, akaliona jina la Joy. Akalibofya.

Ukurasa ukajijenga taratibu kwenye kioo kutoka juu kwenda chini, na kitu cha kwanza kutokea, kwenye pembe ya juu, kilikuwa duara lisilofungika.

Ndipo alipomkumbuka yule mwanamke.

Alikuja mchana wa mvua. Mwembamba, sweta la kijivu, anakohoa ndani ya leso. Alikaa kwenye kiti hiki cha pembeni na kusoma mambo yake kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa, moja baada ya jingine, bila kukosea. Nabwile alichapa.

"Marehemu ni nani kwako, mama?" alikuwa amemuuliza.

"Ni mtu wa kwetu."

"Tarehe ya kufariki?"

"Acha nafasi."

Nabwile, akiwa mgeni wa kazi, alidhani mwanamke amesahau. Halafu yule mwanamke akachukua kalamu na kuchora alama ile pembeni mwa karatasi. Nabwile akaiiga kwenye kompyuta. "Mama, hili duara halijafungika. Nilifunge?"

"Usilifunge. Nyuki wanataka kutoka."

Kisha akamtazama Nabwile kwa muda mrefu, mpaka Nabwile akaona haya. "Una mkono mzuri," alisema. "Unaisikia kazi ya mtu." Akaahidi kuja kuzichukua wiki itakayofuata, na hakuja tena.

Huyo ndiye aliyempa ile nembo ya pembeni mwa gazeti. Haikuwa imetoka kichwani mwake kabisa. Ilikuwa imelala humo miaka minne.

Alikaa na simu mkononi kwa muda. Angeweza kuirudisha ile CD kwenye katoni. Mwanamke yule, Joy mwenyewe, alikuwa amemficha mumewe jambo zito kuliko yote, na sasa ni yeye, mgeni, ndiye angekuja kulifunua. Halafu Jotham angempenda vipi tena? Mwishowe akaandika: Njoo Kitale. Kuna kitu cha Joy hapa. Si changu kukificha.

Jotham alifika saa nane mchana, hajanyoa, macho mekundu. Nabwile hakumsalimu. Alimvutia kiti tu, akageuza kioo cha kompyuta kimwelekee.

Akasoma. Alisoma jina. Alisoma majina ya wazazi, na jina lake mwenyewe, na orodha ya nyimbo. Alifika tarehe ambayo faili lilihifadhiwa, akaiwekea kidole.

"Hii ni siku tisa kabla hajafa," alisema.

"Ndiyo."

"Sisi tulidhani ni kifua tu. Tulikuwa tunampa dawa ya kikohozi." Kidole kilibaki kwenye tarehe. "Aliniambia anakuja Kitale kununua mbegu ya sukuma. Na alirudi nazo, Nabwile. Alipanda. Tulikula ile sukuma tukiwa tumeshamzika."

Nabwile alitaka kumgusa bega. Alijizuia. "Endelea chini," alisema polepole.

Chini kabisa, baada ya mahubiri, kulikuwa na mstari mmoja ambao Nabwile aliuchapa bila kuuelewa: *Neno kutoka kwa mume. Asilazimishwe kuzungumza.*

Jotham aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mzee Festus alijikuta na kazi nje. Alipoinuka tena, Jotham alijifuta uso na kiganja.

"Walinisimamisha mbele ya watu wote," alisema. "Nilishika ile maikrofoni, sauti ikakataa. Nilisimama pale sijui dakika ngapi. Mpaka leo nikisikia maikrofoni ikilia, natoka nje." Akakitazama kioo. "Alijua. Alijua hata hilo."

"Sikumjua ni nani, Jotham. Ningejua ningekwambia siku ya kwanza."

"Nakuamini." Swali lililofuata alilitoa kwa sauti ya chini kabisa. "Hizi programu hazikuchukuliwa. Sisi tulichapisha zingine Bungoma. Hii alama mlikuwa mnaijua watu wawili tu. Wewe na yeye."

"Ndiyo."

"Sasa ile ya kwa saruji ilichorwa na nani?"

Feni ya kompyuta ilikuwa ikinguruma. "Sijui," alisema. "Mimi sikuwa huko. Wakati ule hata sikuwa najua Kabuchai iko wapi."

Walitazamana.

"Jana uliondoa mkono," Nabwile alisema hatimaye.

"Niliogopa."

"Uliniuliza mimi ni nani. Mimi! Mwenye umekaa naye miezi mitatu ukimchekesha." Machozi yalikuwa yanarudi na hakuyataka. "Siwezi kuishi na mtu akiniangalia hivyo, bana. Hata nikikupenda namna gani. Siku nitakapokohoa utakimbia?"

"Nabwile."

"Jibu. Bado unaniogopa?"

Angeweza kudanganya, na mwanamume mwingine angedanganya. Jotham alifikiria. "Naogopa bado," alisema. "Nimeogopa njia yote kutoka Bungoma. Lakini nimekuja, si ndiyo? Na ukisema nije kesho, nitaogopa na nitakuja."

Akaweka mkono wake mezani, kiganja juu. Nabwile aliutazama muda mrefu. Kisha akaweka wake, na safari hii haukuondolewa. Ulikuwa wa moto kama wake.

"Ile logo sikupi," alisema baadaye.

"Najua."

"Ni yake. Si yako wala si yangu. Siwezi kuiweka kwa tovuti watu waibofye."

"Nichoree ingine."

"Inaweza kutoka mbaya."

"Hata ile ya inzi nitachukua." Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu aingie, na Nabwile akafuta faili la nembo kutoka kwenye kompyuta mbele ya macho yake. Faili la Joy hakuligusa. Alilichapisha mara moja, akaikunja ile karatasi ndani ya mfuko wa nailoni.

"Twende kwenu," alisema.

"Leo? Mama hajala tangu jana. Nabwile, hatakufungulia."

"Basi atanikatalia nikiwa nimesimama pale, si nikiwa Kitale."

Mvua iliwakuta langoni Kabuchai, mvua ya jioni ya Bungoma isiyoanza kwa matone bali kwa ndoo. Mama Robai alikuwa amesimama mlangoni, amejaa mlango mzima, na hakusogea walipokaribia. Jotham alitaka kusema. Nabwile akamgusa kiwiko, akatangulia.

"Mulembe, mayi," alimsalimu kwa lugha ya nyumbani.

Mama Robai hakuitika.

"Nimeleta kitu marehemu aliandika kabla hajafariki. Nilimchapia mimi, sikujua. Nikisoma utasikia?"

"Macho yangu hayaoni herufi ndogo," mama akasema. "Soma hapo hapo."

Akasoma akiwa amesimama uwanjani, karatasi ndani ya nailoni, maji yakimwagika kwenye nywele na kuingia ndani ya kola. Alisoma jina, wazazi, nyimbo. Ilimbidi apaze sauti juu ya kelele ya mabati. Alipofika mstari wa mwisho alisita, kisha akausoma pia. "Neno kutoka kwa mume. Asilazimishwe kuzungumza."

Mama Robai akashika mwimo wa mlango.

"Mimi ndiye nilimlazimisha," alisema. Hakuwa anazungumza na Nabwile. Alimtazama mwanawe aliyesimama kwenye mvua nyuma ya msichana. "Ulikuwa unatikisa kichwa kunikatalia. Nikakusukuma mgongoni, nikakwambia watu watasema hamkuwa mnapendana. Mimi."

"Imeisha, mama," Jotham alisema.

"Haijaisha. Ndiyo maana alirudi kuandika kwa saruji." Akageuza macho upande wa nyuma ya nyumba, kulikokuwa na migomba, akayaacha huko kwa muda. Aliporudi kwa Nabwile hofu ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imepoteza ukali. "Niambie kweli. Ni yeye amekutuma kwa huyu mtoto wangu?"

Maji yalikuwa yakimtiririka Nabwile usoni na hakujua ni ya mvua tu au la. Alitamani kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, ingemfungulia mlango mara moja. "Sijui ya kwake, mama," alisema. "Sijui alikuwa anataka nini na mimi. Hapa nimekuja mwenyewe. Ni mimi ninampenda."

Mama Robai alimtazama, kuanzia viatu vilivyojaa matope mpaka kwenye nywele zilizolala. Kisha, taratibu, kama mtu anayeinua mzigo, akasogea pembeni na kuacha mlango wazi.

"Ingia, Nabwile," alisema. "Unanyeshewa."